Dola za Mama Derrick

Pale Ndalu na masoko ya jirani, hakuna aliyethubutu kubishana na Mukhisa juu ya bei. Alikuwa dalali wa ng'ombe tangu ujana wake. Angemwona mtamba akiwa bado mbali, anateremka kilima, akakutajia bei yake. Umfikishe sokoni, uvutane na wanunuzi mpaka koo likauke, na mwisho bei iangukie palepale aliposema. Sifa hiyo ilimpanda kichwani. Watu wakaanza kumletea hata vitu visivyo na kwato: baiskeli, cherehani, suti ya marehemu, na siku moja jino la dhahabu ambalo mwenyewe alikuwa bado analitafunia. Mukhisa alifumba jicho moja, akakizunguka kitu mpaka nyuma, akasema bei. Neno "sijui" halikuwahi kumtoka.

Mkewe, Phelista Nasambu, ambaye wote walimwita Mama Derrick, hakuyashuhudia mengi ya hayo. Alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni ya misheni huko Kitale, na kila mwisho wa mwezi alirudi Ndalu na sukari, majani ya chai na habari za Wazungu. Mwaka 2009 magoti yake yalikataa kusimama mbele ya jiko kutwa nzima, akaaga kazi. Alifika nyumbani na godoro, sufuria mbili za kumshukuru, na mkebe mkubwa wa mafuta ya Kimbo ambao mfuniko wake ulikazwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

"Hii ni nini nzito hivi?" Mukhisa akauliza akiuinua mkebe.

"Ni dola zangu."

Mukhisa akaurudisha chini polepole, kama mtu aliyeambiwa amebeba mtoto wa chifu.

Phelista akamweleza huku akimenya viazi. Kulikuwa na mzee mmoja Mwamerika aliyeitwa Dwight, ambaye jikoni walimwita Bwana Dwaiti. Kila mwezi wa saba alikuja na watu wa kanisa lake kuchimba visima. Kwao alikuwa fundi wa zile mashine za kuuza soda, unazotumbukizia sarafu nazo zikakutemea chupa. Asubuhi akishamaliza mandazi ya Phelista, aliacha sarafu ya dola chini ya kisahani. Miaka ya kwanza zilikuwa na sura ya mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Hizi za karibuni zilikuwa na vichwa vya marais wa kwao waliokufa zamani.

"Na haujawahi kutumia hata moja?"

"Ya kwanza nilipeleka benki. Kijana wa pale akaniambia, mama, sarafu hatuchukui. Basi nikawa naweka tu."

"Unaweka dora kwa mkebe wa Kimbo," Mukhisa akasema, sauti ikimpanda, "na mimi natembea sokoni na gambuti mguuni imepasuka kama mdomo wa samaki!"

"Haukuniuliza."

Mukhisa akaimwaga ile mali kwenye mkeka. Zilianguka kwa mlio mzuri, za manjano, nyingine zimefifia kwa kushikwashikwa, nyingine ziking'aa kama vifungo vya polisi siku ya gwaride. Phelista akafuta mikono kwenye leso, akamtazama mumewe.

"Haya. Wewe ndiye mtu wa bei. Sema."

Mukhisa akafumba jicho moja. Akauzunguka mkeka. Akachuchumaa upande wa pili, akainuka, akauzunguka tena.

"Nitasema kesho," akajibu.

Kesho yake alimwita Kimaiyo, dalali mwenzake wa Kachibora. Wazee hao wawili walilala kifudifudi kwenye mkeka, miguu ikitokeza nje ya mlango, wakazikagua zile dola kwa namna waliyoijua. Waliangalia mgongo. Waliangalia tumbo. Kimaiyo akaiuma moja, akasema ni ngumu, kisha akalipapasa jino lake kwa ulimi.

Ugomvi ulianza kwa yule mwanamke.

"Huyu ni mtu wa kwetu Cherangany," Kimaiyo akasema. "Ona shavu. Ni kama shangazi yangu Jerono."

"Shangazi yako alibeba mtoto hivi? Hii mbebo ni ya Kibukusu kabisa. Angaria vile kitambaa imefungwa."

"Kwani Wabukusu ndio wa kwanza kubeba mtoto?"

"Si kubeba. Ni kufunga!"

Walipochoka na hilo, wakatengana tena juu ya zile zilizochakaa. Kimaiyo alishikilia kwamba sarafu iliyopita mikono mingi ni kama ng'ombe mzee aliyezaa sana, bei yake haina budi kuteremka. Mukhisa akasema la: ng'ombe akikamuliwa na watu wengi, ujue maziwa yapo. Hawakupatana. Walipatana kwa jambo moja tu, kwamba kitu cha manjano, kizito, chenye sura ya mama, lazima kiwe dhahabu. Kimaiyo akaapa kwamba habari hizo hatazitoa nje ya nyumba ile. Kweli hakuzitoa popote, ila soko la Kachibora.

Kabla ya wiki kwisha, Mukhisa alikuwa mheshimiwa. Alisalimiwa na watu waliovuka barabara makusudi ili wamsalimie. Kwenye mazishi ya mtu asiyemfahamu alitolewa nyuma akaketishwa mbele, chini ya hema, karibu na wachungaji, na akapewa soda mbili. Kwaya moja ilimwandikia kumwomba awe mgeni wa heshima kwenye harambee ya kununua vipaza sauti. Mtu mmoja alikuja na kipande cha shamba mdomoni, akataka wabadilishane kwa "robo mkebe." Mukhisa alimjibu kwa upole kwamba mali bado iko kwenye tathmini. Neno hilo, tathmini, alikuwa amelisikia redioni, na lilimkaa vizuri.

"Unawaambia watu nini?" Phelista akamuuliza.

"Sijawaambia kitu. Nakubari tu salamu."

Lakini bei ilitakiwa. Akazifunga sarafu chache kwenye leso na kwenda Bungoma mjini, kwa Ubaid, sonara aliyekuwa na kibanda karibu na msikiti. Ubaid alikuwa mtu wa adabu nyingi na maneno machache. Aliisugua sarafu kwenye jiwe jeusi, akadondoshea dawa kutoka kwenye kichupa. Pale pale alama ya manjano ikachemka, ikageuka kijani.

"Inaiva?" Mukhisa akauliza.

"Inakufa, mzee wangu. Dhahabu haigeuki. Hii ni shaba, juu wameipaka shaba nyingine nzuri zaidi."

"Shaba ya Amerika."

"Shaba ni shaba. Ukiniletea zote kwa kilo, nitakupa bei ya sufuria."

"Ya ukubwa gani?"

Ubaid akafikiri kwa haki kabisa. "Ya uji," akasema. "Bila mfuniko."

Mukhisa alitoka pale akazitia sarafu mfukoni. Akajikaza akaingia benki. Msichana wa kaunta aliigeuza ile sarafu mara mbili, akairudisha chini ya kioo kwa ncha ya kidole.

"Hii ni dola, mzee, lakini sisi tunachukua ya noti peke yake."

"Dora ya karatasi mnachukua."

"Ndiyo. Isiwe imechafuka, isiwe imekunjwa sana, na isiwe ya zamani."

"Na ya chuma, ambayo haikunjiki, haichafuki, hata ikinyeshewa ni ile ile, hiyo ndiyo mnakataa."

"Ndiyo."

Mukhisa akamtazama kwa huruma. Mtu angemletea ng'ombe wa karatasi, angenunua? Lakini foleni nyuma yake ilianza kukohoa, akatoka.

Hapo ndipo alipomkumbuka Ivy, binti wa kaka yake, aliyekuwa na kazi kwenye sayba, duka la intaneti, karibu na stendi. Ivy alimpa stuli, akamfungulia kompyuta, akaanza kusoma na kumtafsiria.

"Baba Mdogo, wanasema dola kama hizi ambazo zimeshatumika, thamani yake ni dola moja."

"Moja kwa ngapi?"

"Moja kwa moja. Dola moja ni dola moja."

"Hiyo hata mimi ningesema. Na huyu mama ni nani? Si Mbukusu?"

Ivy akasoma. "Ni mama wa wenyeji wa kule, wa zamani sana. Aliwaonyesha Wazungu njia walipokuwa wanasafiri kutafuta bahari."

"Akiwa amebeba mtoto?"

"Akiwa amebeba mtoto."

"Wanaume wenyewe walikuwa wapi?" Mukhisa akauliza, lakini Ivy alikuwa amesogeza ukurasa, na macho yake yalikuwa yamepanuka.

"Si uone hii! Hizi za marais. Pembeni, kwenye ukingo, kuna maandishi madogo. Sasa kuna zingine zilitoka kiwandani kwa makosa, ukingo ukiwa mtupu, hazina maandishi. Hizo wakusanyaji wananunua bei kubwa, mara nyingi sana ya dola moja."

Mukhisa akatoa rais mmoja mfukoni, akamsogeza dirishani. Kweli, maandishi yalikuwepo, madogo kama chawa, yamezunguka ukingo wote.

"Yakiwepo ni dora moja," akasema taratibu. "Yasipokuwepo ni bei."

"Lakini, Baba Mdogo, ni kama yalikosekana kutoka kiwandani..."

Hakuyasikia hayo. Alikuwa ameshasimama, amevaa kofia.

Hapa inafaa ijulikane siri moja ya soko la ng'ombe. Pembe ya ng'ombe huwa na mikunjo, na kila akizaa mkunjo huongezeka. Mnunuzi mwerevu husoma umri wa ng'ombe pale. Na dalali mwerevu zaidi ana tupa. Jioni moja ya kusugua na mafuta kidogo ya kupaka, na bibi wa ng'ombe anarudi kuwa msichana. Mukhisa alikuwa na tupa hiyo, ameificha kwenye paa la zizi, na mkono wake kwa kazi hiyo ulikuwa mwepesi kuliko wa kinyozi.

Alisubiri Phelista aende mkutano wa akina mama wa kanisa la Marafiki. Kisha akakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akawabana marais kwenye koleo mmoja baada ya mwingine, akawanyoa. Vumbi la shaba lilimwagika magotini. Kuku wakaja kudonoa, wakaonja, wakaenda zao. Chini ya ile rangi ya manjano ukajitokeza wekundu kama ufizi, jambo lililompa wasiwasi kidogo, akalimaliza kwa mafuta ya kupaka. Akawapanga juani wakauke. Alijisikia vizuri mno. Hazikuwa zimepita siku nyingi tangu mkebe ule umnyime usingizi, na sasa alikuwa ameupandishia bei kwa mkono wake mwenyewe.

Phelista alirudi akamkuta anawapiga brashi.

"Unafanya nini na pesa yangu?"

"Naongeza," Mukhisa akasema, na akamweleza yote, ya Ivy, ya ukingo, ya wakusanyaji.

Phelista akachukua mmoja ambaye alikuwa bado hajanyolewa. Alikaa miaka mingi jikoni na Wazungu. Kiingereza cha kusoma hakikumpiga chenga. Akaugeuza ukingo polepole mbele ya macho.

"Unajua hapa pameandikwa nini?"

"Maandishi ya kiwanda."

"Pameandikwa, Tunamtumaini Mungu."

Tupa ikamponyoka Mukhisa.

"Umemfuta Mungu, Baba Derrick," Phelista akasema. "Kwa tupa ya ng'ombe."

Hakupiga kelele. Aliingia jikoni akasonga ugali. Jioni alimletea Mukhisa sahani yake kama kawaida: ugali mkubwa, wa moto, na kando yake, mahali pa mboga ya sukuma, marais walionyolewa, wamemwagiwa mchuzi wa nyanya.

"Karibu," akasema. "Kula, umewatayarisha mwenyewe."

Mukhisa alikula ugali mtupu. Marais aliwaweka pembeni mmoja mmoja, kama mtu anayetoa miiba.

Jumapili alijipeleka kwa wazee wa kanisa kuuliza kama ni dhambi. Wazee waliketi kimya, kama ilivyo desturi ya Marafiki, wakisubiri mwongozo. Mwishowe Mzee Nyongesa, mkubwa wao, akafungua macho akasema kwamba yeye upande wa dhambi hana hakika, ila angependa kujua, kwa faida ya wote, hizo zisizo na maandishi sasa ni bei gani.

Mwezi wa saba ukafika, na simu ikatoka Kitale: Bwana Dwaiti amekuja, anauliza mandazi yako wapi. Phelista akavaa gauni la kitenge, akachukua mkebe.

"Twende," akamwambia mumewe. "Utamweleza mwenyewe."

Walimkuta chini ya veranda ya nyumba ya wageni, mzee mrefu, mwekundu shingoni, magoti yake yakiwa na shida sawa na ya Phelista. Alimkumbatia Phelista mpaka Mukhisa akakohoa. Kisha mkebe ukafunguliwa, na Phelista akamweleza kwa Kiingereza chake cha jikoni, kilichokuwa kizuri, kwamba wamekuja kujua bei.

Mzee akacheka, akadhani ni mzaha. Alipoona si mzaha akavuta meza, akavaa miwani. Mukhisa akasogea. Hatimaye alikuwa anakwenda kuona mtu wa bei akifanya kazi. Bwana Dwaiti akaichukua sarafu ya kwanza, akaitazama mbele, akaitazama nyuma.

"Dola moja," akasema, akaiweka chini.

Akachukua ya pili, iliyochakaa mpaka mtoto hana pua.

"Dola moja."

Akachukua ya tatu, inayong'aa kama jua la mwezi wa kwanza.

"Dola moja."

Mukhisa hakuweza kuvumilia. "Mwambie hiyo ni nzuri kuliko ile! Hata kipofu ataona!" Phelista akatafsiri. Bwana Dwaiti akaitazama tena kwa heshima, akaipeleka juani, akaipima kiganjani, akafikiri.

"Ni kweli, ni nzuri," akasema. "Dola moja."

Wakaendelea hivyo mpaka wakafika kwa walionyolewa. Hapo mzee alisimama. Aliugeuza ukingo, akaugusa kwa kidole, akanusa mafuta ya kupaka.

"Mwambie zilitoka hivyo kiwandani," Mukhisa akanong'ona.

Phelista akamgeukia Bwana Dwaiti, akasema kwa Kiingereza, "Mume wangu alizinyoa ili apandishe bei."

Mzee akaiweka sarafu chini. Kisha akaeleza, naye Phelista akatafsiri neno kwa neno bila kumhurumia, kwamba maisha yake yote alitengeneza mashine za soda, na mashine ile ina masikio ya ajabu: huipima sarafu inapopita, na ikikuta imepungua, inaitema. Hawa sasa hata soda hawanunui.

"Kwa hiyo ni bei gani?" Mukhisa akauliza.

"Anasema bado hajui. Anasema ni mara ya kwanza kushindwa."

Mukhisa alijisikia nafuu kuliko siku zote za mwaka ule. Alinyoosha mkono, akaushika wa Bwana Dwaiti, akautikisa kwa nguvu, dalali kwa dalali.

Lakini yule Mwamerika alikuwa ameshageukia jambo jingine. Alitazama rundo lile, mwaka juu ya mwaka, na kitu kikabadilika usoni mwake.

"Phelista," akasema. "Hizi zote ni nilizokupa mimi? Zote?"

"Zote."

"Hukununua kitu? Hata sukari?"

"Benki hawachukui. Duka hawachukui. Hapa hazinunui kitu, Bwana Dwaiti."

Mzee akavua miwani. Miaka yote hiyo aliondoka mezani akijiona mtu mkarimu. Alisema, nusu akicheka na macho yamelowa, kwamba kumbe alikuwa anamlipa kwa vifungo; na kwa nini hakumwambia?

"Ungejisikia vibaya," Phelista akajibu. "Na zilikuwa nzuri kuangalia. Huyu mama nilimpenda. Nikichoka namtoa, namwona yeye bado amebeba."

Bwana Dwaiti akaingia ndani. Alirudi na noti mkononi, zake na za wenzake aliowaamsha kutoka usingizi wa mchana, akalipia kila sarafu, hata wale walionyolewa, ambao alisema atawapeleka nyumbani awaonyeshe mafundi wenzake, kwa maana hawatamwamini. Phelista akakubali kuwatoa marais wote. Wale wa mama na mtoto aliwazuia wachache, akawarudisha kwenye mkebe, na noti za hao akazikataa ingawa mzee alisisitiza.

Benki ya Kitale ilizipokea noti, isipokuwa moja, iliyokuwa ya zamani. Mukhisa hakubisha. Alikuwa amejifunza.

Shilingi zilipotoka, hazikutosha mtamba, lakini zilitosha kitu. Mukhisa akafungua mdomo kusema alichokuwa amekipangia tangu veranda, yaani gambuti mpya. Phelista akawa ameshavuka barabara. Aliingia kwenye hoteli ya Sharifo, mama Mwislamu mnene mwenye kicheko cha karibu, akaketi katikati, akaagiza pilau mbili, chai ya maziwa, na mandazi.

"Sijawahi kuketi nikaletewa," akasema.

Mukhisa akatazama ubao wa bei ukutani, akataka kusema jambo kuhusu hiyo pilau. Akaona jinsi mkewe alivyoketi, mkono juu ya meza, mkoba mapajani, akasitisha. Akachota pilau, akala.

Mandazi yakaja. Phelista akalivunja moja, akalitazama ndani, akaliweka chini.

"Huyu mtu hajaacha unga upumzike," akasema.

"Wacha tu, Mama Derrick. Kula."

Lakini alikuwa ameshainuka, anakunja mikono ya gauni, anaelekea jikoni. Mukhisa akasikia sauti ya Sharifo ikipanda, kisha ya mkewe, kisha zote mbili zikicheka, na baada ya hapo mlio wa unga unaopigwa mezani. Akavuta chai ya mkewe upande wake, akainywa kabla haijapoa.